Taarifa ya mwaka ya ushirikiano wa maendeleo inahesabu nini hasa?

Ndugu mleta mada, umeuliza inakuwaje taarifa ya mwaka ya ushirikiano wa maendeleo, yaani taarifa ya serikali kuhusu misaada ya nje, iseme kwamba wafadhili wametoa zaidi ya asilimia 90 ya fedha walizoahidi, ilhali wizara zinazotekeleza miradi zimelia ukata mwaka mzima. Nimefanya kazi miaka 11 katika kitengo cha kuratibu misaada ya nje, chini ya wizara ya fedha na mipango, na taarifa za aina hiyo nimeziandaa mwenyewe, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli, kwa sababu hazihesabu kitu kimoja.

Kuna fedha iliyoahidiwa, kuna iliyotiwa saini katika mkataba, kuna iliyotolewa, na kuna iliyotumika. Utata mkubwa uko kwenye neno "iliyotolewa". Kwa mfadhili, fedha imetolewa pale inapotoka kwenye akaunti yake, hata kama imekwenda kwa kampuni ya washauri iliyoko katika mji mkuu wake mwenyewe, au kwa shirika la Umoja wa Mataifa ambalo litaitumia miaka miwili baadaye. Kwa hazina ya nchi inayopokea, fedha imetolewa pale inapoonekana kwenye akaunti ya serikali iliyoko Benki Kuu. Katika miaka yangu yote, tofauti kati ya hesabu hizo mbili ilikuwa kubwa zaidi kwenye miradi iliyoendeshwa nje ya bajeti ya serikali, na taarifa iliyochapishwa ilitumia hesabu ya wafadhili, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa imekamilika tarehe ya mwisho ilipofika.

Mwaka mmoja, mimi na mwenzangu tulikuwa tunapitia jedwali la sekta ya afya tukakuta safu mbili zenye tarakimu zilezile hadi ya mwisho. Safu ya kwanza ilikuwa ya nchi mfadhili, na ya pili ilikuwa ya shirika la kimataifa lililopewa fedha hizohizo kuendesha mradi. Kila mmoja alikuwa ameripoti kwa haki yake, na sisi tulikuwa tumejumlisha zote mbili. Tulirudi nyuma kwenye taarifa za miaka miwili iliyotangulia tukakuta kosa lilelile. Tulipolisahihisha, jumla ya misaada ya mwaka huo ilishuka, na mkuu wetu akalazimika kueleza mbele ya kikao kwa nini misaada "imepungua", wakati hakuna hata senti moja iliyokuwa imepungua. Ninamheshimu mpaka leo kwa kukubali kueleza, maana ingekuwa rahisi zaidi kutuambia turudishe safu ile.

Halafu kuna suala la mwaka wenyewe. Mwaka wetu wa fedha ulianza tarehe 1 Julai. Japani na Uingereza huhesabu kuanzia Aprili hadi Machi, Marekani kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Septemba, na nchi nyingi za Ulaya hufuata kalenda ya kawaida. Fedha moja inaweza kuwa ya mwaka huu kwa aliyetoa na ya mwaka ujao kwa aliyepokea. Nakumbuka awamu moja ya fedha za barabara za vijijini iliyoingia katikati ya Juni, ikiwa imebaki wiki mbili tu mwaka ufungwe, na taratibu za ununuzi zilihitaji siku nyingi kuliko hizo. Taarifa ikaandika kwamba fedha zote za mwaka zimetolewa. Mkandarasi akaanza kazi mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeshaanza.

Ugonjwa huu unajulikana siku nyingi. Azimio la Paris la mwaka 2005, yaani makubaliano ya wafadhili na nchi zinazopokea kuhusu namna ya kufanya misaada ilete tija, liliweka viashiria 12, na kimoja kilihusu jambo hilihili: fedha zitolewe katika mwaka uliopangwa ili nchi iweze kupanga kazi zake. Mwaka 2011, OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi lenye wanachama ambao wengi ni nchi tajiri, ilipotoa tathmini yake ya mwisho ya azimio hilo, ilionekana kwamba kati ya malengo 13 (baadhi ya viashiria vilikuwa na lengo zaidi ya moja) yaliyopaswa kufikiwa ifikapo mwaka 2010, ni lengo moja tu lililofikiwa katika ngazi ya dunia, nalo lilihusu uratibu wa misaada ya kiufundi. Mwishoni mwa mwaka huo mkutano wa kimataifa kuhusu misaada uliofanyika Busan, Korea Kusini, ukaja na ubia mpya na ahadi zake, na suala la kutabirika kwa fedha likarudi mezani.

Hata hivyo, mimi sioni kwamba hesabu za fedha ndizo tatizo kubwa. Kinachoniuma zaidi ni namna tunavyohesabu kazi.

Katika mapitio ya pamoja ya sekta ya maji, taarifa ilisema vituo vyote vya maji vilivyopangwa mwaka huo vimekamilika, na ni kweli vilikuwa vimekamilika. Tulikwenda kukagua baadhi yake. Katika kimoja, mkono wa pampu ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili watoto wasiuchezee. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo, alitufungulia daftari la michango: majina, tarehe, kiasi, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko safi, kisha kurasa tupu. Michango ilikoma mwezi uleule ambao mpira wa pistoni ulikwisha. Kipuri chenyewe ni kidogo, unaweza kukifumbata mkononi. Mradi haukuwa na fungu la vipuri kwa sababu makubaliano yalisema gharama za uendeshaji zitabebwa na serikali, na fungu hilo la serikali lilikuwa limepunguzwa katikati ya mwaka. Kituo kile kikaingia kwenye jumla ya vituo vilivyojengwa, na kikaendelea kuhesabiwa humo kila mwaka uliofuata. Niliporudi ofisini niliandika pendekezo kwamba jedwali liongezwe safu moja tu, ya vituo vilivyokuwa vinatoa maji siku ya ukaguzi. Lilikubaliwa baada ya miaka miwili ya vikao.

Sababu ya kuhesabu majengo na semina ni rahisi kuielewa. Takwimu zinazoonyesha maisha ya watu, kama vifo vya watoto au udumavu, hutokana zaidi na tafiti kubwa za kaya ambazo nchi nyingi hufanya kila baada ya miaka 5 hivi. Taarifa inatakiwa kila mwaka, kwa hiyo inajazwa kile kinachoweza kuhesabika ndani ya mwaka. Usinielewe vibaya ukadhani misaada haina matokeo. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 duniani vimepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1990, na chanjo, ambazo nyingi zimelipiwa kwa ushirikiano wa aina hii, zina sehemu kubwa katika hilo. Lakini maendeleo hayo yanaonekana ukitazama miaka 10 kwa pamoja. Ndani ya miezi 12 huyaoni.

Kwa hiyo, ukishika taarifa ya mwaka huu, usianzie kwenye asilimia ya ukurasa wa kwanza. Tafuta kwanza ni kiasi gani kilipitia bajeti ya serikali na ni kiasi gani kilipita nje yake. Tazama fedha ziliingia robo ipi ya mwaka. Kisha chukua miradi mitatu au minne ya sekta unayoijua vizuri uilinganishe na taarifa ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ambaye huenda mpaka kwenye eneo la mradi, na uilinganishe pia na taarifa ya miaka mitatu iliyopita uone kama kituo kilichohesabiwa wakati ule bado kinafanya kazi. Ukiwa na jedwali la sekta mojawapo, liweke hapa tulipitie pamoja, safu kwa safu.