Mnadhani nakula bata, kumbe naitwa bata

Mjomba, shikamoo. Na wengine wote mliokaa hapo kijiweni Kibaigwa, mbukwenyi!

Ule ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya gari nasubiri saa itimie niingie kwa mzee ninayemtunza kazini, mara ya pili usiku kitandani. Nimewasikia mnavyobishana huku malori yanawapita kwenda Morogoro. Mjomba unasema Waingereza walijitoa Umoja wa Ulaya na hawakufa njaa, kwa hiyo na sisi tuachane na hii Jumuiya ya Afrika Mashariki, Wakenya wametuchosha. Kuna mwingine, sauti sikuitambua, akasema Mwingereza anajuta mpaka kesho. Halafu mwishoni binamu yangu akachomekea la kwake: kama Wapolandi wameondoka, si nafasi za kazi huko zimebaki kwetu? Auze zile heka tano za bondeni amlipe wakala?

La kwenu kwanza. La binamu linakuja.

Mimi nakaa Boston. Siyo ile ya Marekani. Hii iko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, nchi tambarare kiasi kwamba mnara wa kanisa lao unauona ukiwa mbali huko mashambani, kama tunavyoona jabali Dodoma. Ni mji wa kabichi, koliflawa na viazi. Kwenye kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, nchi nzima waliotaka kutoka walikuwa asilimia 51.9: watu milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Hapa Boston waliotaka kutoka walikuwa asilimia 75.6. Hakuna eneo lingine lililowapita. Kwa hiyo mmemuuliza mtu anayeingia jikoni kwao kila siku.

Mzee ninayemhudumia asubuhi alikata kabichi tangu ujana wake. Kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, kina kovu jeupe lililopinda, kisu kilimteleza siku ya baridi. Nikimfunga vifungo vya shati hukinyoosha pembeni chenyewe, hakikunjiki. Anasimulia kwamba mwaka 2004 Poland, Lithuania, Latvia na wenzao walipoingia kwenye Umoja, Uingereza haikuweka kizuizi. Mtu anapanda basi kwao, akishuka tu yuko shambani, hana haja ya viza wala kibali. Mwenye shamba akafurahi. Mwenye nyumba ya kupangisha akafurahi zaidi, maana chumba cha mtu mmoja kiliingia watu wanne. Wenyeji kama yeye wakabaki na foleni ya daktari na mshahara usiopanda. Sasa mjomba, hapo ukimwambia habari za soko la pamoja atakuelewa?

Binti yake anaishi mbali kidogo, naye alipiga kura ya kubaki. Anasema baba yake alidanganywa na lile basi jekundu la kampeni lililoandikwa kwamba kila wiki pauni milioni 350 zinapelekwa Ulaya, wakati kuna sehemu kubwa ya hesabu hiyo haikuwa ikitoka kabisa, na nyingine ilikuwa ikirudi. Anasema kijana wake alikuwa na haki ya kwenda kuishi na kufanya kazi nchi 27, babu yake akampokonya. Hawagombani tena, wameshachoka. Mzee akianza tu, "Tangu tutoke...", binti anainuka kwenda kuchemsha maji ya chai. Siku moja nilikuta birika limechemshwa mara tatu na chai hakuna aliyekunywa.

Mzee mwenyewe ananipenda. Ananiita "duck". Ndiyo, bata. Huku kwao ndivyo wanavyomwita mtu kwa upole, kama sisi tunavyosema mwanangu au mama. Nilicheka mwenyewe siku ya kwanza: nyumbani mnasema nakula bata majuu, kumbe bata ndiye mimi, na ninakimbizwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwenye mvua kuanzia saa 12 asubuhi.

Alinionyesha pasipoti yake mpya, ya bluu. Ile ya zamani ilikuwa nyekundu na ina jina la Umoja wa Ulaya juu. Hii wameliondoa, na anaishika kama cheti cha ubatizo. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba vitabu vya hizo pasipoti za bluu vilikwenda kutengenezwa Poland. Nami nikamwonyesha yangu, yenye jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Akaigeuzageuza, akauliza, "Na nyie mnataka kutoka?" Nikamwambia ngoja nimuulize mjomba.

Sasa, walikufa njaa? Hapana. Maduka yamejaa. Lakini kutoka kwenyewe si kama kutoka kwenye kikoba, unachukua hela yako unaaga. Walipiga kura 2016, wakatoka rasmi 31 Januari 2020, na mabadiliko ya biashara yakaanza kuuma mwaka 2021. Katikati hapo waziri mkuu David Cameron alitangaza kujiuzulu asubuhi ileile ya matokeo, na Theresa May aliyempokea naye likamshinda. Waskoti, waliopiga asilimia 62 kubaki, wakaburuzwa nje na wenzao. (Hilo la muungano ndani ya muungano nalipita haraka, mnajua wenyewe kwa nini.)

Na biashara, mjomba, wewe ndiye wa kunifundisha mimi. Unakumbuka Machi 2021? Kenya ilipofungia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu? Zuio lenyewe halikumaliza hata wiki mbili, wakalegeza kwa masharti ya vyeti. Lakini wewe ulikuwa na magunia 200, mnunuzi wa Nairobi akazima simu, dalali akakwambia shusha bei au rudi nayo nyumbani. Ulikaa na yale magunia ukiyapima unyevu kama mgonjwa wa homa. Basi hicho ndicho walichojiletea hawa, tena cha kudumu. Ushuru wengi hawalipi, walikubaliana na Ulaya mkesha wa Krismasi 2020. Kilichobaki ni makaratasi: anayepeleka nyama ng'ambo ya bahari anahitaji cheti cha daktari wa mifugo, anayepeleka mmea anahitaji cheti cha mmea. Kampuni kubwa ina ofisi ya kushughulikia hayo. Mtu mdogo, wa saizi yako, ndiye aliyeona bora aache.

Wewe mwenyewe ndiye ulinisimulia 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Halafu tulijitoa COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, tukabaki SADC, jumuiya ya nchi za kusini, na sidhani kama kuna mtu pale sokoni alikosa usingizi. Kwa hiyo kutoka si dhambi, na kubaki si ibada. Mimi ningeuliza kitu kimoja tu: gari la mahindi likitoka Kibaigwa, linakwenda wapi? Kama jibu bado ni Namanga, mpakani na Kenya, basi hasira zenu na Wakenya wamalizieni kwenye mpira.

Haya, binamu.

Ni kweli mlango wangu ulifunguliwa na huku kutoka kwao. Wazungu wa mashariki walipopungua, nyumba za wazee zikakosa watu, na Februari 2022 serikali ikaruhusu watunza wazee waajiriwe kutoka nchi yoyote. Nikaja mwishoni mwa mwaka huo. Nililipa wakala shilingi milioni 14, na baadaye nikaambiwa na watu wa huku kwamba kibali cha mwajiri hakiuzwi, wala sikupaswa kutoa hata senti moja kwa ajili yake. Mwajiri wa kwanza aliniahidi saa 39 kwa wiki, nikawa napata 20. Na zinazohesabiwa ni zile za ndani ya nyumba ya mtu; ukiwa barabarani kati ya mzee na mzee unajitegemea. Nimehama, huyu wa sasa ana afadhali.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Watu waliopiga kura kutoka walitaka wageni wapungue. Badala yake wakaja wengine, safari hii kutoka Nigeria, India, Zimbabwe na mimi kutoka Kongwa. Kwa hesabu za serikali yao, tofauti ya wanaoingia na wanaotoka kwa mwaka ilivuka laki 8, zaidi ya mara mbili ya ile iliyowakasirisha 2016. Unadhani hasira ilikwenda wapi? Kuanzia 11 Machi 2024 anayekuja kwa kazi hii haruhusiwi kuja na mwenza wala mtoto. Mei 2025 serikali ya Keir Starmer ikasema inataka makazi ya kudumu yapatikane baada ya miaka 10, siyo 5. Na Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje. Wamefunga, binamu. Anayekwambia bado anazo nafasi "chache za mwisho" anataka heka zako.

Kituko ni kwamba mimi nina kura. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali anaruhusiwa kupiga. Mpolandi aliyelipa kodi hapa Boston miaka 12 hakuruhusiwa kwenye kura ile ya 2016, ila Mtanzania mwenye kibali aliruhusiwa! Kwa hiyo Julai 2024 nikaenda na pasipoti yangu, mama wa kituoni akaisoma jina herufi kwa herufi, akanipa karatasi. Jimbo likachukuliwa na Richard Tice wa Reform UK, chama kinachotaka watu kama mimi wapungue. Kesho yake nilimkuta mzee ana furaha ya mtoto. Nikamuuliza, sasa mimi nikiondolewa nani atakufunga vifungo? Akasema, "Siyo wewe, duck. Wale wengine."

Mpolandi aliyekuwa anamletea mboga, naye aliambiwa hivyohivyo. Alirudi kwao 2019.

Sijasema nateseka. Mshahara mwaka 2025 ulikuwa pauni 12.21 kwa saa, nyumba ya mama imeezekwa upya, na nikiamka naona kuna umeme. Ila kubeba boksi ni kubeba boksi hata kama boksi lenyewe ni mzee mwenye adabu.

Heka tano usiziuze, binamu. Weka alizeti msimu huu kama ulivyokuwa unasema. Huyo wakala akipiga tena, mwambie akutajie jina la mwajiri, na nani amemruhusu kupokea pesa yako. Akianza kuzungusha maneno, nitumie namba yake nimpigie mimi.

Na mjomba, hela ya mbegu nimetuma kwenye simu ya mama, siyo ya kwako. Unajua kwa nini.