Baba anasema klabu inanipotezea muda

SWALI: Dada, shikamoo. Nasoma shahada ya kompyuta hapa Dodoma, mwaka wa pili. Jumamosi nashinda kwenye klabu yetu ya usalama wa mtandao. Baba anasema nachezea ada yake, nikazanie vitabu. Je, klabu itanisaidia kupata kazi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kazi yangu ni ulinzi wa mifumo ya malipo, Dar es Salaam, na mara nyingi huwa kwenye jopo linalosaili vijana waliomaliza chuo. Baba ana haki ya kuuliza, maana ada anaitafuta yeye. Jibu linategemea mnafanya nini hizo Jumamosi.

Kama mnakusanyika kutazama video za wadukuzi, rudi kwenye vitabu. Kama mnafanya kwa mikono na kuandika, usiache. Kuandika nakutilia mkazo. Wanaojua kuendesha programu za uchunguzi tunawapata. Anayeweza kumweleza meneja kwa ukurasa mmoja kilichoonekana, nani ataumia na kirekebishwe vipi, huyo tunamtafuta kwa tochi.

Jaribuni zoezi hili. Unganisheni kompyuta mbili kwenye mtandao wenu wenyewe, moja iwe seva ya FTP, yaani kompyuta inayotunza mafaili na kumpa anayeingia kwa jina na neno la siri. Fungueni Wireshark, programu inayoonyesha data inayopita kwenye mtandao, kisha mwenzenu mmoja aingie kwenye seva. Katikati ya mistari inayopita mtaona USER na jina lake, halafu PASS na neno lake la siri, herufi kwa herufi, kwa sababu FTP ya kawaida haifichi chochote. Mtashangilia, lakini kazi ndiyo kwanza inaanza: kila mmoja aandike ripoti, mwenzake aisome mbele ya wote na kuuliza kila asipoelewa. Binti mmoja alikuja kwenye usaili na bahasha ya ripoti za namna hiyo, pembeni zimejaa masahihisho ya wenzake kwa kalamu nyekundu. Tuliacha maswali tuliyoyaandaa, tukawa tunajadiliana naye kama tuko kazini.

Mazoezi yapo mengi ya bure. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kinaendesha picoCTF, mashindano ya mafumbo ya usalama wa mtandao, tangu 2013. Bando likiwa tatizo, anzeni na Bandit, mchezo wa mafunzo wa tovuti ya OverTheWire, ambao ni maandishi matupu kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa kuandika amri.

Sasa nisikilize vizuri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, hata kama hukuchukua kitu. Mtandao wa chuo msiuguse mpaka wahusika wawape ruhusa kwa maandishi, ikitaja mfumo upi, siku gani na mwisho wenu wapi. Sisi kazini hatuanzi jaribio lolote bila karatasi hiyo, na mwanafunzi aliyezoea kuiomba nitamwamini na funguo.

Kuhusu baba, usibishane naye. Kaa naye jioni umweleze wale matapeli wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" wanavyofanya kazi, na kwa nini ujumbe wao huwakuta watu waliokuwa kweli wanataka kutuma hela. Tumia maneno yake, usitaje istilahi hata moja. Akiweza kumsimulia mama bila wewe kumsaidia, nenda kamweleze hivyo hivyo wakala wa jirani, kisha uandike ripoti yake.