Mlango wa zamani unatoa gitaa?

SWALI: Habari fundi, nimeokota mlango wa mahogani wa kitambo sana, nataka nitengeneze gitaa la umeme, ila washkaji wanasema mbao kuukuu haitoi sauti. Ni kweli?

JIBU: Usiwasikilize ndugu yangu! Brian May wa bendi ya Queen alianza kutengeneza gitaa lake na baba yake mwaka 1963, shingo wakaichonga kwenye mbao ya fremu ya meko ya zamani ya ukutani, na hilohilo ndo kapiga nalo miaka yote. Pikapu, yaani vile vifaa vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi, zinanasa mtetemo wa nyuzi za chuma, kwa hiyo bodi hata ukiunga vipande viwili vitatu kwa gundi poa tu.

Kazi iko kwenye shingo. Pale nyuzi zinavuta kama kilo 45 hivi muda wote, so chagua kipande ambacho mistari ya mbao imenyooka mwanzo mwisho, hakina kifundo wala tundu la msumari, kiinue usawa wa jicho uchungulie kama unalenga, kikiwa kimepinda hata kidogo achana nacho. Halafu kabla ya randa pitisha sumaku kila mahali, msumari uliokatikia ndani unaua kisu na unaweza kukurukia usoni. Na rangi ya zamani usiipige msasa mkavu jamani, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake sumu kabisa.