Kukhu na ile mashine

Kakamega, Jumapili usiku

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako kuhusu nyanya yako, Kukhu, mara tatu. Unauliza: tukimwambia daktari kwamba Kukhu asirudishwe kwenye mashine ya kupumulia, si tutakuwa tumemuua? Na kama Kanisa linasema mateso yana thamani, mbona anapewa mofini ya kutuliza maumivu?

Nianze na la mashine, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Mwaka 1957 madaktari wa nusukaputi, wale wa dawa za usingizi wakati wa upasuaji, walimuuliza Papa Pio wa XII jambo hilohilo. Akawajibu kwamba mtu anawajibika kuulinda uhai wake kwa njia za kawaida, si kwa kila njia iliyopo hata ikiwa mzigo mzito kwake au kwa wengine. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inasema ukiacha tiba inayotesa kuliko inavyosaidia, hukutaka kumuua mtu. Umekubali tu kwamba kifo huwezi kukizuia. Kumdunga sindano ili afe ni kitu kingine kabisa, na hapo sina mjadala na mtu. Hata Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 2005, siku zake za mwisho hakurudishwa hospitali. Alibaki chumbani kwake.

Tena wa kuamua kwanza ni Kukhu mwenyewe. Saratani ya umio, njia ya chakula, imeumaliza mwili, kichwa bado kizima. Juzi alimwambia daktari kwa Kiluhya, mimi nikitafsiri huku natetemeka, kwamba amechoka na safari, anataka kitanda chake. Sasa wewe na babako mnabishania nini?

Marehemu babangu alikaa siku kumi na moja kwenye wodi ya mahututi. Tulimwona kupitia kioo. Kila karatasi niliyoletewa nilitia sahihi bila kuuliza, nikiogopa watu waseme tulimwacha. Ng'ombe wawili walikwenda. Padre alipofika akaambiwa saa za kuona wagonjwa zimepita. Alfajiri tukapigiwa simu. Hilo silirudii.

Mofini je? Namba 2279 inairuhusu, hata kama huenda ikafupisha siku, mradi nia iwe kutuliza maumivu. Ni kweli Kukhu humtolea Mungu maumivu yake, na usicheke, fungu moja la rozari kila usiku ni lako wewe na kazi yako huko Nairobi. Lakini hiyo ni sadaka yake, huitoa akipenda. Mimi nani nimfichie chupa ya dawa ili awe mtakatifu? Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke. Kuna mama wa jumuiya alininong'oneza kwamba dawa inamnyima Kukhu msalaba wake. Nilimwongezea chai.

Na usidhani tumekaa tu. Uji mwepesi anapata kwa kijiko, na maji, maadamu mwili unapokea, hayo hatumkatii. Alhamisi alipewa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, kipande kidogo kama punje ya mchele. Nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, anakuja Jumanne kunionyesha namna ya kumgeuza asipate vidonda.

Njoo Ijumaa, usingoje mwisho wa mwezi. Lete betri nne kubwa za redio yake. Anasema Misa ya Jumapili iliyopita ilikatika katikati ya mahubiri, na analaumu wewe ndiye uliyenunua zile za bei rahisi.

Mamako