Harufu ya gesi stoo kila asubuhi

Dada, umesema mitungi miwili ya kilo 38 ya mgahawa wako inakaa stoo pembeni ya friza, na asubuhi ukifungua mlango unasikia harufu. Usiizoee. Gesi yenyewe haina harufu. Hiyo imetiwa makusudi ili ikushtue.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kutuama, na friza ikijiwasha, cheche yake inatosha. Kwa hiyo ukiisikia tena usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Acha milango wazi, toeni watu wote, na ukiwa nje piga 114, Zimamoto.

Mitungi ihamie nje, kwenye kizimba cha nondo chenye kivuli, isimame wima na ifungwe mnyororo, mbali na mtaro. Hata mtungi mtupu funga koki, maana gesi kidogo hubaki. Viungio vipake povu la sabuni. Mapovu yakivimba, hapo panavuja. (Kuna wanaopima kwa kiberiti. Jamani!) Mpira uliopasuka hubadilishwa, haufungwi solatepu. Bomba la kuingiza gesi jikoni mwachie fundi wa gesi, siyo huyo wa maji.