Jibu: Kianzio cha Noah, muuzaji anasema hairudi

Pole sana ndugu yangu. Milioni 2 ulizotoa kama kianzio kushikia gari aina ya Noah hapo Mwanjelwa, Mbeya, halafu benki ikakunyima mkopo na muuzaji anasema hairudi, ni hela ya kuumiza. Usiiache.

Soma kwanza ulichosaini. Kama hakuna mahali pameandikwa kwamba hairudishwi, maneno ya mdomo yasikutishe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa makubaliano fidia ya hasara aliyoipata. Hapa aliyevunjiwa ni muuzaji, basi muulize: hasara yako ni shilingi ngapi? Kama gari ameshamuuzia mwingine kwa bei ileile (pita uangalie, mimi ningepita leo), hapo una hoja nzito.

Mimi nilishindwa kumalizia malipo ya gari aina ya IST. Risiti yangu ilikuwa kipande cha daftari, "adv. 1,500,000" (yaani malipo ya awali) kwa peni, bila namba ya gari. Kilichoniokoa ni ujumbe wa muamala kwenye simu. Wako usiufute!

Mwandikie barua, mpe siku 14, nakala yako aisaini kuwa ameipokea. Akikata kidogo cha usumbufu, kubali. Akigoma kabisa, nenda Mahakama ya Mwanzo ukafungue madai.