Mitandao miwili, anwani zilezile: ushauri kwa anayeanza kusimamia seva za Linux

Ukianza kazi ya kusimamia seva, ipo siku utakabidhiwa mashine yenye kadi mbili za mtandao, eth1 na eth2, ambazo zote zimeunganishwa na mitandao ya 192.168.1.0/24 (yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1), kwa sababu watu wawili wasiojuana walichagua safu ileile kati ya anwani za matumizi ya ndani zilizotengwa na RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti, mwaka 1996. Yangu ilikuwa na kifaa chenye anwani 192.168.1.10 kila upande.

Kosa langu lilikuwa kuipa kila kadi anwani na kudhani kwamba kerneli, yaani kiini cha Linux, ingejua nilichokusudia. Pakiti (vipande vya data vinavyosafirishwa mtandaoni) zilipitia eth1 siku kadhaa; seva ilipowashwa upya, kadi ziliamka kwa mpangilio mwingine, na pakiti zote zikahamia eth2 bila ujumbe wowote wa hitilafu. Njia mbili zenye lengo moja na uzito (metric) sawa zikiwa katika jedwali moja la njia, orodha ambayo kerneli huitumia kuamua pakiti ipitie wapi, inayotumika ni ile iliyotangulia kuingizwa. Amri ya `ip route get 192.168.1.10` ingenionyesha hivyo tangu siku ya kwanza, maana hutaja kadi moja tu.

Nikakimbilia `ip rule`, inayochagua jedwali la njia kwa kuangalia anwani ya mtumaji. Ni zana nzuri kwa seva yenye njia mbili za kutokea intaneti. Hapa ilinifaa nusu tu, kwani programu nyingi hazitaji anwani ya mtumaji: kerneli hutafuta njia kwanza, kisha ndipo huchagua anwani hiyo, na kanuni hukosa cha kushika.

Kilichonitoa ni kuutenga upande mmoja katika chumba chake (kwa Kiingereza network namespace) chenye jedwali lake la njia. Nilikiunda kwa `ip netns add upande-b`, nikahamishia kadi humo kwa `ip link set eth2 netns upande-b`. Kadi ikihama huzimika na kupoteza anwani, kwa hiyo uipe upya na kuiwasha; na kama umeingia kwenye seva kupitia kadi hiyohiyo, utajikata mwenyewe (usiniulize nimejuaje). Baada ya hapo, `ip netns exec upande-b ping 192.168.1.10` hufika kwenye kifaa cha upande wa pili pasipo utata.

Programu moja ikihitaji pande zote mbili, unganisha chumba na seva kwa jozi ya veth (kadi mbili za kubuni zilizoungana kama ncha mbili za waya), elekeza 10.60.0.0/24 humo, kisha, ndani ya chumba, NETMAP ya iptables (zana ya kuchuja na kubadilisha pakiti) igeuze 10.60.0.10 kuwa 192.168.1.10. Anwani ya mtumaji nayo ifichwe kwa MASQUERADE, inayoweka anwani ya eth2 mahali pake, pakiti inapotokea eth2, kwa kuwa kifaa hakijui njia ya kuirudia. Pakiti zikiingia chumbani zisitoke, kagua `ip_forward`, mpangilio unaoruhusu pakiti kupitishwa kutoka kadi moja hadi nyingine, humo ndani, kwani kila chumba kina mpangilio wake na kuuwasha kwenye seva baadaye hakuuwashi chumbani.